Bomba la Mgongoni

Msimu wa kumi na mbili wa nyanya, bomba la dawa lilikataa kutoka mgongoni mwa mume. Mkewe alivuta mikanda, akapaka sabuni, akamwita shemeji yake wavute pamoja. Wapi! Ngozi ilikuwa imeshapanda juu ya plastiki hadi alama ya lita tano. Daktari alilipima mapigo bomba lile, akasema liko salama, na mume akaanza kulala kifudifudi.

Kila alfajiri lilijijaza sumu lenyewe. Hilo walilizoea. Kilichomnyima mke raha ni kikohozi, kwa sababu mume alikuwa anakohoa maji ya kijani.

Bibi shamba akamletea pakiti ya unga.

"Ni bakteria, wanaishi udongoni siku zote," alisema. "Kiwavi akila jani lenye dawa hii, tumbo linakwama. Pigeni jioni, jua linaiharibu. Watu haiwadhuru."

"Na bomba je?"

"Mwaga sumu, umimine hii. Siku tatu tu, mama, litazoea na kumwachia. Subira yavuta heri."

Jumatatu jioni wakapiga. Jumanne viwavi wakaacha kula, wakabaki wamejikunja juu ya majani. Mume hakukohoa hata mara moja. Alilalamika kwamba chumvi imezidi, kisha akamaliza sahani tatu. Ngozi ilikuwa imeshuka hadi lita mbili. Mke alifurahi mpaka akaogopa.

Jumatano mnunuzi akaja na lori lake, kama kila wiki. Alimgusa kiwavi kwa ncha ya kalamu. Kiwavi akajitikisa.

"Huyu mzima."

"Hali kitu, kaka. Kesho atakuwa amekufa."

"Kesho mimi siko huku, dada. Wateja wangu hawanunui nyanya zenye wageni. Nikirudi saa kumi nisione mdudu."

Nyanya zilikuwa zimeiva zote, na lori lilikuwa hilo moja. Mke alimshika mumewe mkono.

"Siku moja tu, baba watoto."

"Zitaoza, mke wangu."

Alikohoa mara moja, kwa makusudi, na bomba likajaa sumu, akapiga. Saa kumi viwavi walikuwa wamekufa, na nyuki, na kuku wawili. Ngozi ilikuwa imefika kwenye mfuniko. Mnunuzi alizisifu nyanya kwa kung'aa, akapakia.

Mume alifariki kabla ya mvua. Kaburi liliongezwa kina ili bomba lienee. Mnunuzi alituma rambirambi, akauliza msimu ujao wanaanza lini.

Mke alipanda. Pakiti iliyobaki aliiweka juu ya kabati, akisema mwaka huu ataanza mapema. Viwavi wakamtangulia. Asubuhi moja, akivaa, aliona mikanda miwili imeota mabegani, bado laini. Alilia kidogo. Kisha akavaa blauzi pana ya marehemu mama yake, akatoka, kwa kuwa ilikuwa Jumatano.