Namba Kumi na Saba

Kabla hakujapambazuka nilisikia kitu kinakwaruza uani. Kwaru, kwaru, kinatulia kidogo, kinaanza tena. Nikadhani panya amepata gunia la unga. Nikajifunga mtandio, nikachukua tochi, nikatoka.

Hakuwa panya. Alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu, amepiga magoti bandani kando ya gari la marehemu mume wangu, msasa mkononi, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama. Nimekuamsha?"

"Marahaba, baba. Wazee hatuamshwi, tunasubiri tu kuche. Unafanya nini?"

"Nalitengeneza uso. Mgeni anakuja leo, hawezi kulikuta limechakaa hivi."

Mkwe wangu ni fundi wa bodi. Kwao mafundi wa bodi, gari halionyeshwi mtu kabla halijaonja msasa, kama vile mtoto hapelekwi kwa wageni na makamasi. Alikuwa ametoka kazini jana amechoka, na bado aliamka gizani atufanyie hilo bila kuombwa.

Nikamulika mlango. Nikaona nimechelewa.

Gari lile lilikimbia mashindano ya masafa marefu, ya tope na vumbi, siku zile mume wangu alipokuwa dereva kijana. Kisha yakaja magari mapya, mepesi na yenye nguvu, nalo likazeeka ghafla. Waliokuwa wakilimiliki wakamwachia mume wangu kwa bei ya kutupa, watu wakamcheka: mbio zimekwisha, farasi kafa, jamaa kabaki na kwato. Kwato zenyewe zilibeba saruji, zikabeba maharusi, zikambeba binti yangu hospitali uchungu wa pacha ulipomshika. Injini ilipogoma tukalifunika turubai. Sasa, miaka hii ya karibuni, watu wameanza kuyatafuta magari kama yale kama wanavyotafuta dhahabu. Kuukuu letu likageuka mali.

Na ilibidi liondoke. Mkwe wangu alikuwa ametakiwa ahame pale anapopanga kufanyia kazi, na hana pengine ila banda langu. Waliolitaka walikuwa wawili. Muuza vipuri angeng'oa injini na gia, bodi aipeleke kwenye chuma chakavu. Mwingine alikuwa mtu wa kukusanya magari ya zamani. Yeye alisema atalifufua aliendeshe kwenye mashindano ya magari ya kale. Mimi nilimtaka huyo. Nilitaka liende zima.

Huyo alikuwa ameona picha, na alichokipenda kuliko vyote ni mlango wa dereva: namba kumi na saba ambayo mume wangu aliichora mwenyewe kwa brashi, na pale chini yake palipobonyezwa na jabali. Alimwambia binti yangu kwenye simu, "Msiuguse." Binti yangu akanipa habari. Nikadhani amemwambia mumewe. Naye akadhani mimi ndiye nimemwambia.

Pale palipobonyea palikuwa pameshazibwa na kusawazishwa. Saba ilikuwa imefutika. Imebaki moja.

Binti yangu akatoka, kanga ya usingizi bado begani. "Baba Pacha, saba iko wapi?"

"Ilikuwa imebanduka, ilikuwa inatia aibu."

Akamweleza. Alimweleza polepole, namshukuru kwa hilo, maana angeweza kufoka. Mkwe wangu akauweka msasa chini kama mtu anayeweka kitu cha moto.

"Basi limekuwa namba moja," nikasema. "Marehemu aliitafuta namba moja ujana wake wote asiipate. Mkwe wake amempa kwa msasa."

Binti yangu akacheka. Mkwe wangu hakucheka.

"Mama, naweza kuirudisha. Nina rangi, nina mkono. Nitaiandika kama ilivyokuwa, niichubue kidogo, niipake vumbi. Hata marehemu mwenyewe asingejua kuwa si mkono wake."

Nilijua anaweza. Na nilijua vizuri kwamba bila saba ile pengine jioni muuza vipuri angekuja na spana zake.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Iache."

"Akilikataa?"

"Atakuwa amelikataa lenyewe, si picha yake."

Mgeni alifika jua limepanda, na lori la kubebea nyuma yake. Mtu mzima, shati limekunjwa mikono. Alizunguka gari, akafika mlangoni, akasimama. Nikafungua kinywa, lakini mkwe wangu alinitangulia.

"Ni mimi, mzee. Hakuna aliyenituma. Nilitaka ulikute safi."

Mgeni akapitisha kidole kwenye mpaka wa rangi na chuma. "Zamani ungelipiga rangi, ningekuongezea bei. Siku hizi ukilipiga rangi, nakupunguzia. Mnajua hilo?"

"Tumelijua leo alfajiri," akasema binti yangu.

"Ungeweza kuichora tena."

"Nilitaka," mkwe wangu akasema. "Mama alikataa."

Mgeni akanitazama, kisha akaingia chini ya gari mzimamzima na shati lake. Alikaa huko muda mrefu, tunaona viatu tu. Mkwe wangu akachukua tochi yangu, akainama kummulikia bila kuambiwa.

Alipotoka alitaja bei. Ilikuwa chini sana ya ile ya kwenye simu, na binti yangu akauma mdomo.

"Na litakwenda zima?" nikauliza.

"Zima, mama. Sing'oi kitu."

"Na mlango?"

"Utabaki hivyohivyo. Wakiniuliza, nitawaambia kuna fundi alikuwa ananikaribisha."

Mkwe wangu akainamisha uso, akajifanya anafuta mikono. Nikampa mgeni ufunguo.

Mgeni, mkwe wangu na dereva aliyekuja na lori walilisukuma hadi juu yake, binti yangu akielekeza usukani na kuwatania kwamba wanasukuma kama wamefunga. Likafungwa minyororo. Mgeni akaja kuniaga, amechafuka mgongo mzima. Nikamfuta vumbi begani kwa mtandio.

"Uje tena, mwanangu," nikamwambia. "Lakini siku hiyo usije umelibeba. Uje unaliendesha."