Mtutu Uliochipua

Baada ya chai ya asubuhi Mukbil alimsimamisha mwanawe Hazaa ukutani, akamwambia anyooshe mkono wa kulia, akampima kutoka begani hadi kidole cha shahada kwa utepe ambao mkewe Takiya alipimia mikono ya kanzu. Takiya alikuwa mlangoni akijipangusa unga viganjani.

"Mwachie nafasi ya kukua," alisema, kwa mazoea ya mshonaji. Kisha akarudi kwenye tanuri lake.

Msimamizi wa kukusanya wapiganaji alikuwa amepita kijijini kutangaza kwamba kila nyumba itoe mtu mmoja na bunduki moja. Nyumba ya Mukbil ilikwisha kutoa. Ilimtoa Ghamdani, kifungua mimba, naye akarudi akiwa picha ndani ya fremu ya kijani. Lakini msimamizi alisema kila msimu wa mtama hesabu huanza upya. Mukbil akajitoa yeye mwenyewe. Msimamizi alilitazama goti lake lililosagwa na bomu la ardhini, akasema kwa upole kwamba kule mlimani hapatakiwi mtu wa kusubiriwa. Akabaki Hazaa, mwenye miaka kumi na mmoja, pamoja na bunduki ya marehemu babu yake Mukbil, ambayo ilimzidi Hazaa kimo.

"Kwenda atakwenda," Mukbil alimwambia mkewe. "Hilo halimo mikononi mwetu. Lakini asiende akiburuza chuma. Mwenye bunduki isiyomkaa ndiye huanguka mwanzo."

Akaibana bunduki kwenye jiliwa pale sebuleni, juu ya mkeka, akaukata mtutu kwa msumeno wa chuma. Kitako cha zamani alikitupa kando, akachonga kingine kifupi kwa mti wa mkunazi, akakilainisha kwa tupa mpaka kikawa kama shavu la mtoto. Alasiri kazi ilikuwa imekwisha. Hazaa aliiweka begani, akalilenga tangi la maji, na bunduki ikamkaa. Bibi yake, Hajati Ghaliya, alikuwa pembeni akimenya maharagwe. Hakusema neno, na hakuna aliyemwuliza.

Kulipokucha mtutu ulikuwa umerudia urefu wake. Kitako nacho kilikuwa kimerefuka, na karibu na komeo la risasi kilikuwa kimetoa majani mabichi matatu. Kile kipande kilichokatwa jana kilikuwa palepale mkekani kilipoangukia. Mukbil alivitazama vyote viwili, akamaliza kikombe chake cha kinywaji cha maganda ya kahawa, akachukua msumeno.

Mambo yakawa hivyo. Alikata kila mchana, na kila asubuhi akakuta umeota. Palipokuwa na umande uliota zaidi kidogo. Majani ya kitako yaliliwa na mbuzi, na maziwa yake hayakubadilika ladha. Takiya alichukua kipande kimoja cha mtutu akawa anapulizia moto. Majirani walipoona kinafaa, nao wakaja kuomba. Mmoja aliweka cha kwake darini kumwaga maji ya mvua. Mwingine akatengenezea ngazi ya banda la kuku.

"Ewe Mukbil," alisema jirani yake Hizami, akiwa na viwili kwapani, "sisi tunalima mtama unakauka, wewe hulimi unavuna chuma! Tugawie mbegu basi."

"Chukua na shamba lenyewe," Mukbil alisema.

Msimamizi naye alikuja saa ya mirungi, akaegemea mto, akajaza shavu. Aliitazama bunduki, akavitazama vipande.

"Chuma kizuri," alisema. "Lakini gari linakuja Jumamosi, baba Hazaa. Ikiwa ndefu, atakwenda nayo ndefu."

"Hawezi kuibeba, bwana. Juzi aliifyatua mara moja tu, bega likateguka."

"Basi mpe fimbo. Bunduki ataipata hukohuko. Za walioziacha hazikosekani."

Alipoondoka, Mukbil alikaa mbele ya mama yake.

"Mama, wewe huioni hii bunduki inavyochipua?"

"Naiona. Nimeondolewa meno, sikuondolewa macho."

"Mbona husemi?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa umeshika msumeno."

Hajati Ghaliya aliweka sinia chini, akasema lililokuwapo. Mwaka wa ugomvi wa kisima, baba mkwe wake, Shaifu, aliilaza bunduki hii chini mbele ya watu wa ng'ambo ya bonde. Nao wa ng'ambo wakalaza ya kwao. Hivyo ndivyo suluhu ilivyofanywa siku zote: mtu huweka bunduki yake chini, na neno lake limo ndani yake. Siku ya kurudishiana walisema kwamba silaha hizi mbili hazitapunguzwa wala kuongezwa mpaka wenyewe wafunguane neno hilo.

"Bunduki iliyolazwa chini mbele ya watu haikatwi kwanza ndipo ukaomba," alisema. "Inaombwa kwanza. Hata wewe unajua. Ulisahau kwa sababu wale wa ng'ambo siku hizi mnawaita adui."

Mukbil alijua. Kumwomba ruhusa mtu ambaye Hazaa alikuwa akipelekwa kumpiga risasi ni jambo ambalo halikumpitia akilini.

Ijumaa adhuhuri hakuna aliyefyatua risasi bondeni, kwa kuwa ndio wakati watu wa pande mbili walipobadilishana vitunguu na mitungi ya gesi. Mukbil alitia vipande kadhaa kwenye gunia, akashuka akichechemea. Askari wa upande wake walimwuliza goti linaendeleaje. Askari wa upande wa pili walimwuliza hilohilo.

Nyumba aliyoitafuta ilikuwa ya Mzee Dahmashi, mjukuu wa yule aliyelaza bunduki ya ng'ambo. Ua wa bustani yake ulikuwa umezungushwa vipande vya mitutu vilivyochomekwa ardhini, kimoja kimoja, kama mahindi.

Mukbil alilivua jambia lake kiunoni, akaliweka miguuni pa mzee. Mzee aliliokota akamrudishia.

"Karibu, mjukuu wa Shaifu. Umeniletea vyako, au umekuja kuhesabu vyangu?"

"Nimekuja kuomba tufunguane, mzee wangu."

"Nilikuwa nakungoja. Nami ningekuja, ila miguu haitaki mlima."

Kahawa ililetwa na mjukuu wa mzee, Raddadi. Bila kutaka, Mukbil aliupima mkono wa mtoto kwa macho. Ulikuwa mfupi kuliko wa Hazaa kwa upana wa vidole viwili.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye. Baba yake alitangulia. Wako?"

"Wangu ni wa pili."

Walikunywa. Mukbil aligeuza kikombe mikononi, kikiwa kitupu.

"Na tusipofunguana?"

"Wataenda nazo ndefu. Wangu kaanguka nayo ngazini mara mbili, kapasuka mdomo. Gari lao kesho."

"Na letu kesho." Mukbil alikohoa. "Lakini mzee wangu, tukizifungua, hizi bunduki mbili zitapigana. Babu zetu walikubaliana hapahapa zisipigane."

"Walikubaliana juu ya chuma, mwanangu. Chuma kimeshika neno lake mpaka leo, unakiona kilivyojaa ua wangu. Watoto hakuna aliyewataja. Nani angedhani kuna haja?"

Suluhu hufunguliwa mbele ya mashahidi, kwa hiyo wakamwita askari aliyekuwa akila kitunguu chini ya ukuta, na mwanamke aliyepita na mtungi wa gesi kichwani. Mzee Dahmashi alisema kwamba yeye na watu wake wameifungua bunduki ya Shaifu. Mukbil akasema vivyo hivyo juu ya bunduki ya Dahmashi. Wakakumbatiana, wakabusiana mabega. Mzee alisema Mungu amhifadhi Hazaa. Mukbil akasema Mungu amhifadhi Raddadi. Kila mmoja alimaanisha.

Jioni ile Mukbil alikata mtutu kwa mara ya mwisho, akafunga kitako kifupi cha mkunazi. Msumeno ulipita kwa urahisi kuliko siku zote.

Alfajiri, kabla ya adhana, alikuwa amekaa mbele ya bunduki. Mtutu ulikuwa mfupi. Alingoja. Alitoka nje akapapasa majani ya uani, akakuta umande, basi akaitoa bunduki akailaza kwenye umande. Mtutu ulibaki mfupi. Akachukua birika la kutawadhia, akakimwagia kitako maji kidogo kidogo, pale majani yalipokuwa yakitokea.

Takiya alimkuta hivyo.

"Unaimwagilia?"

"Ndiyo."

Takiya aliingia jikoni, akarudi na ndoo. Walimwagilia kwa zamu, yeye kwa kata, mumewe kwa birika, hata chini pakawa tope na magoti yao yakalowa. Takiya alikigusa kitako kwa kidole, kama agusavyo unga kuona kama umeumuka. Jua lilipotokeza, palikuwa na bunduki fupi, safi, iliyolowa. Waliifuta kwa kilemba cha Mukbil ili isipate kutu.

Gari lilipopiga honi Hazaa alitoka amevaa kanzu mpya. Aliitundika bunduki begani, na bunduki ikakaa kana kwamba alizaliwa nayo. Alitabasamu, maana sasa haikumwumiza. Msimamizi aliyekuwa karibu na dereva alitikisa kichwa kumsifu fundi.

Mukbil alipiga goti lake zima mbele ya mwanawe.

"Sikiliza, baba. Ng'ambo kuna mtoto mwenye bunduki fupi kama yako. Anaitwa Raddadi. Ukimwona, mwamkie. Kwao ni watu wema, nimekunywa kahawa yao."

Hazaa alifikiri. Alikuwa mtoto anayependa kujua jambo linavyotakiwa kufanywa.

"Nimwamkie kabla, au baada?"

Mukbil aliukaza mkanda wa bunduki, ambao haukuwa umelegea. Takiya akauweka sawa ukosi wa kanzu, ambao haukuwa umepinda. Dereva akapiga honi tena.