Mdomo wa Baba na Nyumba ya Mzee Jumbe

Siku Isihaka, mwana wa Mzee Jumbe, alipomaliza kuipaka chokaa nyumba ya baba yake, nilisimama barabarani na kikapu cha mboga nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nyumba ile ya Kisarawe niliijua tangu msichana. Mzee Jumbe aliijenga mwaka 1955, kwa mawe, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kwa miaka ilikuwa imechakaa. Sasa ilikuwa na bati jipya, madirisha yenye nondo, na sakafu nyekundu inayong'aa hata ukaona haya kuikanyaga na viatu. Na ilikuwa inauzwa.

Nilikimbia nyumbani. Ninaposema nyumbani, nina maana chumba kimoja cha kupanga, mimi, mume wangu Cornel, watoto, na jiko la mkaa mlangoni.

"Ile nyumba ni yetu," nikamwambia Cornel.

Cornel ni muuguzi, mtu wa kupima homa kabla ya kutoa dawa. Akaniuliza, "Mwenyewe anajua?"

Mwenyewe hakujua. Mwenyewe, tena, alikuwa na mteja mwingine, Bwana Bernard, afisa wa shirika moja Dar es Salaam, mwenye gari la Pijo nyeupe na mfuko mzito kuliko wetu. Mzee Jumbe hakunificha. "Mwanangu Wilhelmina, mimi nakwenda Marui kulima na ndugu yangu, nataka kuanza vizuri. Bwana huyu anakuja Jumamosi. Akikubali, imekwisha. Asipokubali, lete chako."

Wiki nzima sikulala vizuri. Darasani nilikuwa nafundisha kuzidisha huku nikipanga kitanda kipi kikae chumba kipi. Jumamosi ikafika Cornel yuko zamu. Nyumba hainunuliwi na mtu bila mzee wake, kwa hiyo ilibidi niende na baba. Na baba ndiye niliyemwogopa.

Baba yangu, Gregori, ni Mnyamwezi aliyekuja pwani kukata mkonge akaoa na kuzeeka hukuhuku. Mzee Jumbe ni Mzaramo. Anayejua utani wa makabila hayo mawili ameshanielewa. Wakikutana hawaulizani hali, wanatukanana kwanza. Siku tuliyomzika mama yangu, Paskalia, Mzee Jumbe alijitosa kaburini akajilaza humo kwa kanzu yake nyeupe, akasema hatoki na mtu hazikwi mpaka apewe kuku. Baba, ambaye tangu msiba uanze alikuwa hajafungua kinywa, alicheka mpaka akashika kiuno. Nilimpenda Mzee Jumbe tangu siku ile.

Lakini Jumamosi hiyo sikutaka utani. Nilimwapisha baba kwa jina la Mtakatifu Gregori, somo wake, kwamba atasalimia, atakaa, atanyamaza. Akaapa.

Tulimkuta Bwana Bernard katikati ya ukumbi, anaangalia dari kwa kuridhika. Mzee Jumbe alikuwa ameshika ufunguo mkononi.

"Shikamoo, Mzee Jumbe."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamwona baba nyuma yangu. "Nani kaacha mlango wazi mpaka Mnyamwezi kaingia? Ficheni sufuria."

Baba akakohoa. Nikamkanyaga mguu. Akakohoa tena, na somo wake akasahauliwa.

"Wewe Mzaramo, nani kakuruhusu kuuza nyumba yangu?"

"Yako?"

"Yangu. Babu yangu kalala chini ya sakafu hii. Umemjengea juu, umempaka na rangi, leo unamuuza na yeye?"

"Babu yako alikuwa mpagazi. Alizikwa njiani na mzigo wake kichwani."

Bwana Bernard aliinua mguu mmoja polepole, akapatazama mahali ulipokuwa umekanyaga. Kwao watani wapo, ila hawa wawili hakujua ni nani kwa nani. Na miaka ile nyumba yenye ugomvi ilikuwa inaogopwa kama ndui.

"Mzee, nyumba hii ina kesi?" akauliza.

"Kesi gani?" Baba alikuwa ameshapandwa na mori. Akaunyakua ufunguo mkononi mwa Mzee Jumbe, akautia mfukoni. "Siutoi mpaka nipewe kuku."

"Huyu mtani wangu, bwana," Mzee Jumbe akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Ni utani tu."

"Utani hauendi mpaka makaburini," akajibu Bwana Bernard. Akaaga kwa adabu, akatoka. Nilimfuata hadi barazani nikamwambia kweli, kwamba hao ni watani na kaburi hakuna. Akanitazama, akakumbuka niliingia na mzee yuleyule, hakuniamini. Pijo ikateremka mlima.

Nikarudi ndani. Nilikuwa na furaha ya kutaka kuruka na aibu ya kutaka kujificha, vyote kwa pamoja. Baba alitoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea Mzee Jumbe.

"Nimekuharibia, Jumbe," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita kwa jina.

Mzee Jumbe hakuupokea. Alikaa kwenye kizingiti.

"Anasema utani hauendi makaburini. Marehemu Paskalia alipozikwa, mimi nilikuwa wapi?"

"Ndani ya kaburi," baba akasema. "Hutaki kutoka."

"Basi. Mimi nakwenda Marui kulima tu. Wanangu nimewaambia, kuzikwa ni hapa, karibu na mama yao, na jeneza litoke kwa mlango huu nilioujenga. Yule bwana siku hiyo atakuwa amefunga mlango, yuko Dar. Nani atanitukana, au nizikwe kama mtu asiye na watu?" Akaunyakua ufunguo kwa baba, akaniwekea mimi kiganjani, akanifunga vidole juu yake. "Lete ulicho nacho, mwanangu, na mumeo aje na mashahidi. Sharti langu ni moja. Siku yangu ikifika, mlango uwe wazi, na Mnyamwezi huyu atangulie kujilaza kaburini mwangu, adai kuku."

Nilisema ndiyo, nikasema tena ndiyo. Nikavua viatu, nikaingia mbio, chumba hadi chumba, sakafu ya baridi chini ya nyayo zangu, nafungua kila dirisha. Nililia, na sikujali.

Wazee walikuwa wametoka barazani. Nikamsikia baba anapenga kamasi.

"Basi fanya haraka ufe, Mzaramo," akasema. "Mimi mwenyewe nimezeeka, siwezi kukusubiri sana."