Maji ya Salamanda

Msinikodolee macho. Nimesema nitasimulia, na atakayenuna anune.

Injinia Khatibu aliletwa Kibondo kutoka Tanga kusimamia barabara. Mchina aliyekuwa akifanya naye kazi alipomaliza mkataba akamwachia salamanda wanne. Mimi nilikuwa mpishi wake, na siku ya kwanza nilipowaona nilipiga yowe. Mijusi ndani ya maji! Mgongo mweusi tii, tumbo jekundu kama kaa la moto. Ukimshtua anajipinda akuonyeshe hilo tumbo, yaani anakuambia nile ufe. Na kweli ngozi yao ina sumu. Ukiwashika unanawa kwa sabuni.

Watatu wadogo, wa ngozi laini, walikuwa wa Kichina. Mmoja mkubwa, wa ngozi ya vipele, alikuwa wa Kijapani, naye alikaa tangi lake peke yake kwa sababu jamii hizo mbili hazichanganywi. Walikula minyoo ya shambani iliyokatwakatwa. Kifuniko lazima kifungwe, maana wanapanda kioo. Jua likiwaka tunaweka chupa ya barafu, wanapenda baridi. Na maji ya bomba lazima yakae siku mbili kwenye ndoo wazi, ile dawa ya kuua vijidudu itoke. Dawa hiyo inawaunguza hadi wanakufa.

Basi injinia akapata uhamisho wa Kasulu. Nyumba ya huko ilikuwa ndogo, angekwenda na mfanyakazi mmoja tu.

"Atakayewaweza hawa viumbe ndiye huyo," akasema.

Tulikuwa wawili, mimi na Vestina, binti wa Kirundi aliyekulia kambi ya Mtendeli, na ilipofungwa akahamishiwa Nduta. Kibali chake cha kukaa nje ya kambi kilitegemea kazi ile. Akiikosa anarudi Nduta, na jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya kurudishwa Burundi, ambako hana baba wala mama. Aliniambia mwenyewe. Mimi nikikosa ningerudi kwetu Makere kulima maharage. Nisingekufa. Lakini jembe nilikuwa nimelichoka jamani, na huyu binti kila alichogusa alisifiwa. Hata wale salamanda walikula mkononi mwake. Roho iliniuma, sifichi.

Injinia akasafiri wiki moja. "Evaline, mfundishe mwenzako kila kitu, wiki hii awatunze yeye," akaniagiza.

Nikamfundisha. Minyoo, kifuniko, barafu, sabuni. La maji sikumwambia.

Nilijua atakalofanya. Mtu wa kambini haamini maji. Mdogo wake Vestina alikufa kwa kuhara kule Mtendeli, na tangu hapo hapiti kwenye ndoo bila kutia kidonge cha dawa ileile ya kuua vijidudu. Vidonge alivifunga kwenye pindo la kitenge. Hata ndoo yangu ya kunywa aliitia kila asubuhi bila kuombwa.

Siku ya tatu maji ya wale wadogo yakachafuka. Nilikuwa mlangoni namenya vitunguu. Akayamwaga, akajaza ya bomba, akatia vidonge viwili.

"Na ninyi msije mkaumwa, yoo," akawaambia.

Nikaendelea na vitunguu vyangu.

Haukupita muda wakaanza kujinyonganyonga na kuparamia kioo. "Mana yanje, Mungu wangu! Dada Evaline, wana nini?" Nikamwambia labda wameshiba. Hata hapo ningeweza kuwatoa. Ndoo ya maji yaliyolala ilikuwa nyuma ya mlango wangu. Kufika mchana, wote watatu walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Injinia aliporudi hakupiga kelele. Aliniuliza mimi: "Hukumwambia habari ya maji?"

"Nilimwambia, bosi. Mara mbili."

Vestina akanitazama. Nilimngoja aniite mwongo, matusi nilikuwa nayo tayari. Akainamisha kichwa.

"Ego, ndiyo, atakuwa aliniambia, nikasahau. Nisamehe, dada, nimekuaibisha."

Aliamini, jamani. Aliniamini mimi kuliko akili yake.

Asubuhi gari la kumrudisha Nduta likapiga honi. Alikuwa ameshika kifurushi kimoja tu. Akapita jikoni, akafungua pindo la kitenge, akatia kidonge kwenye ndoo yangu na kuifunika vizuri.

"Usinywe kabla ya nusu saa, dada."

Nilingoja nusu saa, nikanywa. Kisha nikaanza kufungasha vyombo vya Kasulu.