Maiki Hugongwa Mara Tatu

"Usianze na habari za jioni," Adomako alisema. "Anza kwa kugonga."

Dufie aliuondoa mkono wake kwenye maiki. "Kugonga ni kwa msiba, Bwana Adomako."

"Nani kasema?"

"Mji mzima unajua."

"Ndiyo maana nataka ugonge."

Kwa miaka kumi na mmoja Akua Dufie alikuwa ameketi ndani ya kibanda hiki cha mbao, chini ya mlingoti wenye spika nne, akiusomea mji matangazo. Mbuzi aliyepotea. Dawa ya minyoo. Maji yatakatika Alhamisi. Hayo aliyasoma tu, kama mtu anayeita watoto waje kula. Lakini mtu akifa, aligonga maiki mara tatu kwa pete aliyoachiwa na marehemu mumewe, kisha akanyamaza. Katika ukimya huo michi ilisimama hewani juu ya vinu. Wanaume waliokuwa wakitwanga fufu ya muhogo na wanawake waliokuwa wakiigeuza walinyanyua vichwa, wakangoja jina. Dufie hakuwa na shamba wala kibanda sokoni. Alikuwa na ukimya ule.

Adomako, katibu wa kata wa chama tawala, alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya upole. Alianza kwa kulalamika.

"Wapinzani hawana haya. Jana wamesimama sokoni wakasema sisi tukishinda tutafuta elimu ya bure. Kutisha watu! Nchi inajengwa kwa hofu?"

Halafu akampa karatasi. Dufie akaisoma kimoyomoyo: wapinzani wakishinda, vibanda vya soko watapewa watu wa Zongo. Mama, wewe utauzia wapi? Mwanao atakula nini?

"Na hii siyo kutisha watu?"

"Hii ni tahadhari."

Ntim, mwenye kituo cha matangazo, alikuwa mlangoni akichokoa meno. "Soma, Dufie. Yule binti aliyemaliza chuo cha habari kanipigia tena leo kuomba kazi."

Dufie alikuwa na watoto watatu shuleni. Akagonga. Michi ikasimama. Akasoma, na akasoma vizuri, kwa sauti ile ya kuomboleza, maana baada ya kugonga hakuwa na sauti nyingine.

Kesho yake asubuhi alipita Zongo, mtaa wa Waislamu, kununua waakye kwa Hawawu, kama kila siku. Walikuwa wamesoma darasa moja, wakanyonyesha mwaka mmoja. Hawawu alipakua wali na maharage kwenye jani, akamtazama.

"Kumbe nataka vibanda vyote vya soko! Na hili goti langu bovu, nitakaa vibanda mia kwa zamu?"

"Nilipewa karatasi, dada yangu."

"Najua. Karatasi haina mdomo." Akaongeza yai bila kuombwa, na hilo lilimuuma Dufie kuliko tusi. "Mzee anakuulizia."

Mzee Seidu, baba mkwe wa Hawawu, alikuwa amelala nyuma ya pazia, mbavu zikihesabika. Ni yeye aliyechimba shimo la mlingoti wa spika, wakati vijana wa kanisani walipofika kwenye mwamba wakaweka sururu chini na kwenda kunywa. Alichimba siku mbili. Tangu hapo hakuna mtu wa Zongo aliyewahi kutangazwa pale. Wao huzika siku hiyohiyo, na hupashana habari msikitini wao kwa wao.

"Dufie," alisema, "ahadi bado ipo?"

"Ipo, Baba."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Nataka na mimi mji uninyamazie. Hata kidogo tu."

Siku tatu baadaye Gyabaah wa upinzani aliingia kituoni akigonga meza kwa ngumi. "Mnawatisha wananchi! Mnagombanisha watu! Nitawapeleka tume ya uchaguzi, nyote wawili, na hizo spika zenu!"

Ntim alimsogezea kiti. Gyabaah akakaa, akafuta jasho, akatoa karatasi yake mwenyewe mfukoni. Chama tawala kinaleta malori ya wapiga kura wa kukodi kutoka ng'ambo ya mpaka. Watafichwa Zongo. Linda kura yako. Linda nyumba yako.

"Malori yako wapi?" Dufie aliuliza.

"Yatakuja."

"Umeyaona?"

"Dada, wewe ni polisi au msomaji? Na ugonge kama ulivyomgongea mwenzangu. Haki sawa kwa wote."

Ikawa hivyo wiki tatu. Asubuhi alimgongea Adomako, jioni Gyabaah. Katika mikutano kila mmoja alimlaani mwenzake kwa siasa za hofu, na watu wakapiga makofi kotekote. Walipishana juu ya kila kitu duniani isipokuwa mtaa wa kuuelekezea kidole.

Dufie aliona mabadiliko kupitia dirisha lake dogo kabla ya mtu yeyote. Wiki ya kwanza watu waliposikia mara tatu walishika vifua. Wiki ya pili walitoka barabarani wakatazama upande wa Zongo. Wiki ya tatu mtu mmoja alikula waakye ya Hawawu, akarudia sahani, akanawa mikono, kisha akapindua sufuria lote mchangani. Hawawu akahamishia biashara uani.

Dufie hakwenda tena kununua. Alijiambia ana kazi nyingi.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kura, saa tano asubuhi, Hawawu aliingia kituoni kwa mlango wa nyuma, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi. Ntim alikuwa mkutanoni.

"Mzee ametutoka alfajiri."

Dufie alisimama, akataka kumkumbatia. Hawawu alirudi hatua moja.

"Tunazika saa nane. Nimekuja kwa ajili ya ahadi."

"Hawawu, siyo leo. Ngoja kura zipite, nitamtangaza vizuri, nitamsoma siku nzima."

"Sisi maiti wetu hasubiri kura."

"Basi nimsome bila kugonga."

"Bila kugonga husomwa mbuzi."

"Hujui watu walivyo sasa."

"Sijui?" Hawawu alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Mimi ndiye sijui? Kwa Adomako uligonga. Kwa Gyabaah uligonga. Tulipofika sisi ndiyo kidole kimechoka?"

Dufie alikaa na kuwasha mtambo. Nje, Jumamosi ilikuwa Jumamosi: kila ua ulikuwa na kinu, na michi ilisikika mji mzima, mingine karibu, mingine mbali, kama mioyo mingi ya watu waliokimbia. Angeweza kusoma jina kwanza. Angeweza kusema "jamani, ni msiba" kabla ya kitu chochote. Lakini alitaka kumpa mzee kitu kamili, kama alivyopewa kila mzee wa kanisani, bila kupunguza hata pumzi.

Akagonga. Moja. Mbili. Tatu.

Michi ikasimama yote.

Akanyamaza, kama alivyonyamaza kwa miaka kumi na mmoja, akihesabu hadi saba ili mji utulie. Alipofika nne akaona mtu wa kwanza akitoka uani. Alikuwa ameushika mchi mkononi, fufu nyeupe imeganda kwenye ncha. Alipofika tano walikuwa kumi. Alipofika sita mtu akapiga kelele, "Malori! Malori yameingia!"

Saba.

"Kwa masikitiko," alisoma haraka, "tunatangaza kifo cha Mzee Seidu, aliyechimba shimo la mlingoti huu. Mazishi ni leo saa nane, nyumbani kwake, Zongo."

Neno la mwisho lilitoka kwenye spika zote nne, likaenda pande zote za mji. Waliokuwa bado wanasitasita milangoni walisikia hilo tu. Wakakimbia nao.

"Rudini!" Dufie alipiga kelele ndani ya maiki. "Ni msiba! Jamani, ni msiba tu! Ni mzee amekufa! Rudini!" Sauti yake ililia juu ya mabati, na ilikuwa sauti ileile waliyoizoea, ile iliyowaambia walinde nyumba zao. Hakuna aliyegeuka. Wengine waliongeza mbio.

Aliposhusha maiki, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hawawu alikuwa ameshafika barabarani, akikimbia nyuma ya umati kuelekea kwake, akiburuta mguu wenye goti bovu.

Baada ya hapo mji ulinyamaza. Vinu vilisimama uani vikiwa na fufu nusu, na kuku walipanda juu yake kudonoa. Hapakuwa na mchi hata mmoja uliosikika, kutoka kituoni hadi kanisani. Kelele zilikuwa upande mmoja tu, mbali, na baadaye moshi.

Adomako alifika saa tisa akihema, shati jeupe limechafuka kolani. Gyabaah alikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza walikuwa wamepanda pikipiki moja.

"Nani kakupa lile tangazo?" Adomako aliuliza. "Wanasema ni letu."

"Wanasema ni letu sisi," Gyabaah alisema.

"Lilikuwa la Mzee Seidu," Dufie alisema.

Walitazamana. Kisha kila mmoja akaweka karatasi mezani. Chama chetu kinalaani vikali wale wanaoendesha kampeni kwa kutisha wananchi. Zilitofautiana jina la chama tu.

"Zisome zote mbili," Adomako alisema kwa upole. "Sasa hivi, kabla redio haijaanza kuuliza."

"Anza na yangu," Gyabaah alisema. "Na ugonge."

Dufie alitazama nje. Katika ua ulio karibu na kituo mwanaume alikuwa amerudi. Alikuwa ameinama kwenye bomba, akiosha mchi wake. Aliuosha ncha, akaugeuza, akauosha tena kwa mchanga, muda mrefu kuliko mchi unavyooshwa. Kisha akamfukuza kuku kwenye kinu, akamwita mkewe aje ageuze, akauinua mchi juu.

Mke hakutoka. Mchi ulibaki hewani, ukidondosha maji, na Dufie alikuwa ameinua kidole chenye pete juu ya maiki.