Kilo Themanini na Nne Kamili

Kwa nini mizani iligoma? Kila asubuhi, saa moja na nusu, kabla milango ya posta haijafunguliwa, karani wa mizigo alivua viatu na kupanda juu ya mizani ya magunia, na kwa wiki tisa mizani ilimjibu kilo themanini na nne. Haikuwa mbovu, aliijaribu kwa jiwe la kilo kumi, ikasema kumi. Sukari alikwisha kuiacha, kifungua kinywa chake kilikuwa yai moja na tango, na kazini alikuja kwa miguu. Miezi minne ya kwanza alishuka kutoka tisini na sita, kisha akanasa kama gari kwenye tope. Hilo lilimkera, kwa kuwa wenzake walimwita Dada Gramu, jinsi alivyopima kila kitu bila kukosea.

Hakutafuta urembo. Mama yake aliishi orofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na daktari alimwambia kwamba goti lake lingezikubali ngazi zile akiwa chini ya kilo themanini. Kwa mwaka mzima, basi, mama alizungumza akiwa roshani na binti akiwa barabarani, na mtaa mzima ukisikiliza.

"Leo ngapi?" mama aliuliza, akishusha kikapu cha ndimu kwa kamba.

"Themanini na nne, Mama."

"Kama jana?"

"Kama jana."

"Mboga gani hizo unazokula, mwanangu, za zege?"

Jirani wa orofa ya pili alicheka hadi akapaliwa.

Jumanne moja karani alikuwa bado juu ya mizani mkuu wa posta alipopita na kikombe chake cha chai.

"Dada, nishikie dirisha la tatu leo. Nina kikao."

"Sawa, Mkuu."

Mizani ikapanda gramu sitini. Karani aliziandika kitabuni, kama alivyoandika kila kilichopimwa pale. Hajashuka, akaja mpanga barua, mwanamke mcheshi aliyekuwa na haraka wakati wote.

"Shoga, jioni nimalizie magunia yangu. Nawahi nyumbani."

"Sawa. Umeniongezea gramu arobaini."

"Na Mkuu?"

"Sitini."

"Afadhali mimi nina huruma," alisema mpanga barua, akaenda zake.

Hesabu ikawa nyepesi. Karani wa dirisha la tatu alistaafu wiki tisa zilizopita. Hakuajiriwa mwingine, dirisha alikabidhiwa mkuu, naye mpanga barua akaongezewa magunia, na tangu hapo wote wawili walimwachia karani kazi hizo kila siku. Siku hamsini na nne za kazi, gramu mia moja kwa siku, ni kilo tano na gramu mia nne. Mwili wa karani ulikuwa umetimiza wajibu wake kila siku, na kila siku ulipakiwa upya.

Kanuni ya posta kuhusu mzigo uliofikishwa kwa asiyehusika iko wazi: hurudishwa kwa mtumaji. Saa ya chai karani alijifungia chumba cha vifurushi, akainama, na mzigo ukamtoka mabegani kama unga wa kijivu, usio na harufu. Aliufagia asibakize punje. Aliufunga kwa karatasi ya kaki, vifurushi viwili: cha mkuu kilo tatu na gramu mia mbili arobaini, cha mpanga barua kilo mbili na gramu mia moja sitini. Alibandika stempu za kutosha, maana hakupenda upendeleo.

Wapokeaji walitia sahihi. Kifungo cha sketi ya mpanga barua kikaruka na kutua kwenye sanduku la barua za nje.

"Ni zangu kweli," alikiri, akitafuta pini. "Nisamehe, shoga." Jioni hiyo alimaliza magunia yake mwenyewe.

Kiti cha mkuu kililia. Mkuu alikitazama, akaagiza kipana zaidi, na kesho yake akamwomba mtunza stoo amshikie dirisha la tatu. Mtunza stoo, aliyekimbia kila alfajiri, akaanza kulegeza mkanda na kulaumu mkate.

Jumamosi, akiwa na kilo sabini na nane na gramu mia sita, karani alipanda ngazi sabini na mbili, akapumzika mara mbili. Mama alifungua mlango, kikapu mkononi.

"Mbona hukuniita nikushushie ndimu?"

"Nimezifuata mwenyewe, Mama."

Mama alimshika kiuno, akampima kwa viganja. "Umekonda. Umefanyaje?"

"Nimerudisha vya watu."

"Ulichelewa," alisema mama, akamvutia kiti.

Walizungumza jioni nzima bila kupaza sauti, hata jirani wa orofa ya pili, aliyekosa habari, akapanda kuuliza kama kuna msiba.

Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, mkuu aliketi katika kiti kipya, kilichopitishwa mlangoni kwa ubavu. Alieleza kwamba karani wa dirisha la tatu ataajiriwa wakati muafaka.

"Kwa leo, nani atatushikia?"

Macho yote yakamgeukia Dada Gramu. Mtunza stoo akaanza kuinua mkono, kwa mazoea.

"Mimi nafungua dirisha langu saa mbili na kulifunga saa kumi," alisema karani. "La tatu silichukui, leo wala kesho. Mkiniuliza tena Jumatatu ijayo, nitawajibu hivihivi."