Umepona, Mama

...chaka-chaka, chaka-chaka, na Shiru amefumba macho, anautikisa ule mkebe mweupe kama aliyezaliwa nao mkononi, kwaya iko ubeti wa pili, bado mmoja halafu ripoti ya misheni, halafu wanafunzi waombewe waende tena kisiwani kesho, na Mwalimu Kibe, mlezi wao, bingwa wa mizaha kanisa zima hapa Kinoo, ameketi benchi la mbele na simu ameilaza kifudifudi pajani, kana kwamba ukiilaza hivyo ujumbe utamwagika uishe, lakini hauishi, ameusoma mara nne tangu sala ya kufungua, Mchungaji Obuya wa kule kisiwani si mtu wa maneno mengi, ameandika tu, mwalimu, Mama Jacklyne ametuacha Alhamisi, aliacha dawa za virusi tangu mlipokuja Desemba, tulimsihi akakataa, alisema wewe ulimwambia amepona, mkebe alikupa wewe... chaka-chaka... "Mwalimu," Nyakio, katibu wa misheni, amemwinamia sikioni, "ile ya kutapika kwa boti usiache, watu wamekuja kucheka," naye anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ile ya kutapika, yeye aliyekula vumbi la Lodwar na Juba akatoka mzima, akaja kushindwa na maji ya ziwa, akawalisha samaki githeri yote ya Nyakio, atasimulia mara ya sita na watacheka mara ya sita, na ndivyo alivyoteremka ufukweni, miguu kama mlenda, wanafunzi wamemshika kwapa huku na huku, na wa kwanza kucheka alikuwa Mama Jacklyne, alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, mwembamba, sauti nene kuliko mwili, "Hawa ndio watu wa Mungu? Na huyu mzee yenu, tumuanike pia?" akampenda papo hapo, mchekeshaji humjua mwenzake, na siku ya nne, mama alipoinua mkono mkutanoni akaongozwa sala ya toba, ni yeye Kibe aliyemkumbatia akapaza sauti, "Umepona, mama!" umepona, vile unavyomwambia mtu aliyeruka kando lori likampita pale Waiyaki Way, umepona wewe, moto umekukosa, ni neno lake la kila siku, huwaambia hata wanafunzi waliopita mtihani kwa alama moja, na mama akaacha kucheka, hilo analikumbuka leo, akaacha kabisa, akauliza polepole, "Nimepona? Mwalimu, yaani kabisa?" naye, Mungu wangu, naye akapiga makofi, "Kabisa kabisa! Shetani atafute mwingine!" na watu wakaangua kicheko, na asubuhi ya kuondoka mama akaja na mkebe ndani ya leso, karatasi yake imebanduliwa, "Chukua, mimi sina kazi na hii tena," akautikisa, ukalia, wanafunzi wakapiga vigelegele, kayamba! Norman, mmoja wao, akajaribu kuufungua, kifuniko kikazunguka bure, ni vile vifuniko vya kukandamiza kwanza, wakasema basi ni mbegu, wakauimbia basini mpaka Nairobi, na miezi minane sasa kanisa hili linamsifu Mungu kwa dawa za mama wa watu, na hukujua, Kibe, ungejuaje, neno tu, ulimi tu... la, usijidanganye, mkebe ule uliujua, dadako Wanjugu alikuwa na kama huo kule chumbani kwake Kangemi, aliubandua karatasi hivyo hivyo, akaujaza pamba usilie mkobani, wewe mwenyewe ulimnunulia pamba, na pale ufukweni kitu kilikushika shati, kikakwambia uliza, lakini walikuwa wanapiga vigelegele, na wewe ukiwa katikati ya vigelegele huulizi kitu... chaka-chaka... Obuya hatasema, Obuya ni mpole, simulia boti, keti, nani atajua, na mbele yake wanafunzi wamempa mgongo, wote na fulana mpya za misheni, na mgongoni, kwa herufi nyekundu, neno walilolichagua wenyewe ili wamfurahishe mzee, UMEPONA, UMEPONA, UMEPONA, safu nzima, na mgongo mpana ni wa Norman, ambaye kesho kutwa atamkumbatia mama fulani anayeanika omena, apaze sauti kwa furaha safi, bila hila, kama alivyofundishwa... ubeti wa tatu unakwisha, Nyakio ananyanyuka na maiki, la, wamerudia kiitikio, ameketi tena, anamkonyeza, "Boti, mwalimu," na Kibe anaitafuta boti kichwani, haipo, pale ilipokuwa pamesimama mama ameacha kucheka, bado anauliza, yaani kabisa? na hakuna mzaha wa kumjibu, kuna la tu, la, mama, ni roho nilikuwa nasema, si damu, rudi nyumbani umeze dawa, na kwa kuwa yeye hasikii tena, watasikia hawa, na wakinifukuza wanifukuze, fulana zibaki hapa hapa Kinoo, na neno la kwanza si boti, neno la kwanza ni Shiru, mwanangu, acha kutikisa, uweke chini polepole, huo una mwenyewe... chaka-chaka, chaka-chaka...